Shati la Adui

Mwongozaji Nkwabi kaniletea orodha asubuhi,
Sinza, chumba cha nyuma, feni inazunguka bila upepo:
miwani myeusi, mkufu, kovu la shavuni,
koti refu la ngozi. Dar es Salaam, mwezi wa pili!
"Adui wetu," anasema, "aogopwe akiingia tu."
Nikamwuliza: na akishatoka?
Hakunijibu. Alikuwa anapigiwa simu na mwenye jenereta.

Miaka kumi na tisa nawavika waigizaji.
Steringi ni kazi rahisi: mpe fulana safi,
mpe jasho kidogo, mpe mama mgonjwa,
watu watamsamehe hata akisahau maneno.
Tunajua steringi hafi.
Tunachofuata ni yule atakayetusahaulisha hilo.
Adui akiwa boya, steringi kapigana na boya,
na sisi tuliolipa kiingilio ndio maboya wa tatu.

Nimewaona wengi. Wanaocheka peke yao ghorofani,
mikono nyuma, kama wamesahau walichopandia.
Wanaopiga meza. Wanaomuua msaidizi wao wenyewe
ili tujue kuwa ni wabaya.
Tumejua, ndugu, tangu ulipoingia na ngoma zako.
Mtoto wa jirani huwaigiza, hucheka,
halafu hulala usingizi mnono.

Mimi namjua mmoja aliyeninyima usingizi.
Hajawahi kuigiza.

Magomeni Mapipa, matanga ya baba, siku ya tatu.
Ba'mdogo Mwinshehe alikuja na sukari kilo mbili,
akavua viatu mlangoni, akavipanga,
na vya wengine akavipanga.
Alihesabu waombolezaji, wali usije ukapungua.
Alimpa mama leso iliyokunjwa mara nne,
inanukia sabuni ya mche.
Kisha, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi:
"Shemeji, nyumba hii itakulemea."

Itakulemea. Neno hilo tu.
Hakupiga meza. Meza yenyewe aliichukua baadaye,
na hati, na mlango wa uani pamoja na bawaba zake.
Hadi leo tukikutana foleni ya dawa
hunishika mkono, huniuliza kama nimekula,
na hungoja jibu.
Anaamini. Hapo ndipo ilipo sumu:
anaamini kabisa kwamba alituokoa.

Basi orodha ya Nkwabi nikaifungia vitumbua.
Nikamwita Hizza, mwigizaji, mpole, mrefu kama nguzo ya umeme,
nikamvua miwani, nikamwosha kovu.
Nikamshonea shati la mikono mifupi, buluu iliyopauka,
mfuko kifuani, kalamu mbili, moja haina wino.
Nikakunja leso mara nne.
"Usimchukie mtu," nikamwambia.
"Wahurumie. Wahurumie mpaka wakose pa kulala."

Akaniuliza, mkasi bado mkononi mwangu,
"Sasa ubaya wangu uko wapi?"
Nikasema sijui. Nikasema, ukiujua tu
utaanza kuuonyesha.

Kamera ikawaka. Hizza akaingia sebule ya kukodi,
akavua viatu, akavipanga,
na vya wengine akavipanga.
Akamtazama mjane kama mtu anayetazama
mzigo mkubwa kichwani kwa mtoto.
"Umekula?"
Wapiga taa wakaacha kutafuna karanga.
Nkwabi, mdomo wazi, alisahau kusema kata.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Nguo hii nimeipima, nimeikata, nimeishona mwenyewe,
kila kifungo nakijua kilikotoka, Kariakoo, jozi kwa jero,
na bado, nimesimama nyuma ya taa, pini mdomoni,
nilijisikia nikijibu kwa sauti,
ikabidi tupige upya kipande kizima:
"Bado, ba'mdogo. Bado."